Mwenyekiti, Naomba Afute Kauli!

Hebu tuseme leo ni Ijumaa, saa tisa alasiri. Vipindi vimekwisha na upepo wa Ufipa umeanza kung'ata kama kawaida yake. Klabu yenu ya afya imekusanyika darasani, madirisha yamefungwa, watu kama arobaini wamejibana ndani ya masweta. Mada ni UKIMWI. Mwenyekiti ni wewe.

Binti mmoja wa kidato cha pili ananyosha mkono. Anauliza: "Eti mama mwenye virusi akitumia dawa, anaweza kuzaa mtoto asiye navyo?"

Kabla hujafungua mdomo, sauti inatoka benchi la nyuma: "Kwani wewe unavyo?"

Darasa zima linaangua kicheko. Binti anakaa, anainamisha kichwa.

Sasa nikuulize: una muda gani wa kuokoa kikao hicho? Mimi nasema sekunde tano. Zikipita, kikao kitaendelea, lakini kitakuwa kimekufa. Watu watauliza yale maswali ya mtihani tu, "VVU ni kifupi cha nini?", ambayo majibu yake kila mmoja anayajua. Maswali ya kweli yatarudi mfukoni. Na swali lililorudi mfukoni halilali, bwana! Linatafuta jibu kwingine: kijiweni, kwa muuza dawa wa mnadani, kwa kaka mkubwa ambaye naye hajui.

Na swali la yule binti lilikuwa zuri sana. Jibu lake ni ndiyo, anaweza. Kama hakuna kinga yoyote, kati ya watoto 100 wanaozaliwa na kunyonyeshwa na akina mama wenye VVU, watoto 15 hadi 45 huambukizwa. Mama akitumia dawa za ARV sawasawa na mtoto akipewa kinga yake, idadi hiyo hushuka chini ya 5. Umeona? Kicheko cha benchi la nyuma kilikuwa kinazuia habari hiyo isifike kwa watu arobaini. Huwezi kujua ni nani kati yao ana dada mjamzito nyumbani.

Basi ndani ya sekunde tano fanya hivi. Simama. Mtazame aliyetoa maneno, sema bila kufoka: "Kaka, futa kauli." Halafu mgeukie binti: "Dada, swali lako ni zuri, tunalijibu sasa hivi." Ulijibu. Basi! Usianze kutoa hotuba ya dakika kumi kuhusu adabu. Najua utatamani kufanya hivyo, lakini kila dakika unayomgombeza kaka, binti naye anabaki mbele ya macho ya watu. Yule kaka utazungumza naye baadaye, nje, mkiwa wawili. Mara nyingi utakuta aliyecheka kwa nguvu kuliko wote ndiye mwenye hofu kuliko wote.

SPIKA HAFOKI

Hili neno "futa kauli" si langu, nimeliazima Dodoma. Bila shaka umewahi kusikiliza Bunge redioni. Umegundua kwamba mbunge hamwambii mbunge mwenzake "wewe umekosea"? Anasema, "Mheshimiwa Spika, msemaji aliyetangulia amepotoka." Maneno yote yanapitia kwenye kiti. Wengine wanadhani ni mbwembwe za wakubwa. Hapana. Jaribu mwenyewe: ni vigumu kumtukana mtu huku ukiwa unazungumza na mtu mwingine. Hasira inapoa njiani.

Na mbunge akitoa maneno ya kuudhi, Spika anaweza kumtaka ayafute. Akiyafuta, anakaa na mjadala unaendelea. Tazama hapo vizuri: kilichotolewa nje ni neno, mtu amebaki ndani. Anne Makinda, mwanamke wa kwanza kuwa Spika wa Bunge la Tanzania (2010 hadi 2015), aliongoza ukumbi wenye makelele ambayo nadhani yanalizidi darasa lako. Kitu kingine cha kuiga: Spika akiwa kitini hachangii hoja. Mwenyekiti wa klabu anayeongea kuliko wanachama wote ni mwalimu wa zamu, si mwenyekiti.

Lakini usiige kila kitu cha Bunge, na wala usiige midahalo yetu ya shule. Unaijua ile ya "Elimu ni bora kuliko fedha"? Kuna wanaounga mkono, kuna wapingaji, kuna mtunza muda, na mwisho kuna mshindi. Ni michezo mizuri, inafundisha kusema mbele za watu. Kwa mambo ya afya, hata hivyo, mimi siipendi. Nimeona mada kama "Nani alaumiwe mimba za shuleni, wavulana au wasichana?" Ebo! Hapo mmeshagawana pande mbili za vita kabla ya mtu kusema neno. Anayetafuta ushindi hasikilizi. Anatafuta kosa la mwenzake. Mjadala wa klabu hauna mshindi. Una maswali, na watu wanaotaka kwenda nyumbani wakijua zaidi ya walivyokuja.

Ufipa hapa jambo hilo si geni. Nenda kijijini uone wazee wanavyosalimiana. Salamu haziendi mbio. Kuna kupiga makofi taratibu, kuna kusubiri mwenzako aitikie. Roy Willis, mtafiti Mwingereza aliyefanya utafiti Ufipa miaka ya 1960, alivutiwa na utulivu wa watu wa huku, hata kwenye kitabu kilichotoka 1989 akaandika sura nzima akijiuliza Wafipa waliwezaje kuishi kwa amani namna ile. Kumngoja mtu amalize sentensi yake ni urithi wako, kijana. Usione aibu kuutumia darasani.

USISEME "WAO"

Kama ningeruhusiwa kuacha kanuni moja tu katika klabu zote za Rukwa, ningeacha hii: kila mnapozungumzia jambo lolote, chukulieni kwamba anayehusika yupo humu ndani.

Mnazungumzia VVU? Yupo. Kuna vijana waliozaliwa na virusi, wanameza dawa kila siku, wanacheza mpira na kufaulu hesabu kuliko wewe. Mnazungumzia mimba? Yupo. Tangu Novemba 2021 serikali imeruhusu wasichana walioacha shule kwa sababu ya ujauzito kurudi kwenye shule za kawaida baada ya kujifungua. Kwa hiyo ukisema kwa sauti "wasichana waliozaa wameshaharibu maisha yao," huenda aliyekaa mbele yako amemwacha mwanawe kwa bibi Laela asubuhi ya leo ili aje asome. Mnazungumzia kubakwa, kifafa, kukojoa kitandani, baba mlevi? Yupo, yupo, yupo.

Ukishaiweka kanuni hiyo kichwani, maneno yako yatabadilika yenyewe. Hutasema fulani "ana ngoma" au "amekanyaga miwaya". Utasema anaishi na VVU. Hutasema "zeruzeru", utasema mtu mwenye ualbino. Hata neno "mwathirika", ambalo zamani tulilitumia sana kwenye mabango, watu wengi wanaoishi na VVU hawalipendi, kwa sababu linamfanya mtu aonekane ameshakwisha. Wala si suala la kujidai msomi. Neno baya linamwambia mtu kabla hajasema chochote: hapa si mahali pako.

Majina pia yapigwe marufuku. Stori zote ziwe za "mtu mmoja". Na mwenyekiti awe mkali hapa, maana kuna ujanja: "Simtaji, lakini ni yule mrefu wa kidato cha tatu anayetoka Namanyere." Huko ndiko kumtaja, tena na ramani!

Na lugha? Klabu si kipindi cha Kiingereza. Mtu aulize kwa Kiswahili, na akikwama neno aliseme kwa Kifipa, wenzake watafsiri. Nimesikia wanafunzi wa mjini wakimcheka mwenzao aliyetoka bondeni Muze kwa lafudhi yake. Hapo napo kauli ifutwe. Mtu akichekwa kwa jinsi anavyotamka, hatatamka tena.

AKISEMA NI UCHAWI, JE?

Haya, tufike kwenye lile linalowashinda wenyeviti wengi wa huku kwetu. Unajua maana ya jina la mji wetu. Sumba ni kutupa, wanga ni uchawi. Sumbawanga: tupa uchawi. Yaani mgeni akiingia, kama amebeba mambo yake, ayaache mlangoni. Watu wa mikoa mingine wameligeuza jina hilo kuwa utani, na mwanafunzi wa Rukwa akifika chuoni Dar es Salaam au Mwanza huulizwa kama amekuja na ungo. Jina lenyewe lilikuwa linakataza!

Sasa katikati ya kikao, kijana anasimama. Anasema: "Mwenyekiti, baba yangu mdogo walisema ni UKIMWI. Si kweli. Alirogwa."

Njia mbili mbaya zipo karibu sana. Ya kwanza ni kucheka au kusema "acha ushamba". Kijana atakaa, na imani yake itakaa naye, tena imara zaidi, kwa sababu sasa ina kidonda. Ya pili ni kunyamaza au kusema "kila mtu ana mawazo yake" na kuita swali linalofuata. Hapo umekuwa mpole, lakini watu arobaini wameondoka wakidhani kuna UKIMWI wa hospitali na UKIMWI wa kurogwa, uchague mwenyewe. Kumheshimu msemaji si kukubali alichosema. Mambo hayo mawili mwenyekiti asiyachanganye hata siku moja.

Anza na pole. Huyu amefiwa. "Pole sana kwa msiba, kaka." Usimuulize kama marehemu alipimwa, maana unamlazimisha kuanika familia yake. Mwache marehemu apumzike. Hamisha swali kutoka kwa mtu uende kwenye jambo: "Tuseme mtu yeyote amekonda, amekohoa zaidi ya wiki mbili. Hatua ya kwanza iwe ipi?" Sasa hata anayeamini uchawi anaweza kujibu pamoja na wewe. Kikohozi cha zaidi ya wiki mbili kinahitaji kipimo cha kifua kikuu. Kifua kikuu kinatibika, na dawa zake katika vituo vya serikali ni bure. Kipimo cha VVU nacho ni bure. Na mtu akishapewa ARV, asiziache kwa sababu ya ushauri wa mganga wala kwa sababu amejisikia amepona. Akizitumia vizuri hadi virusi visionekane kwenye kipimo, hamwambukizi mwenzake kwa njia ya ngono. Hayo yasemwe wazi, bila kumung'unya maneno. Anachoamini kijana kuhusu msiba wa kwao hukumnyang'anya, ila sasa anajua la kufanya mtu mwingine wa kwao akianza kukohoa.

Sehemu moja tu usiwe mpole: mtu akianza kutaja aliyeroga. "Ni yule bibi jirani..." Mkatishe hapo hapo, katikati ya neno. Tanzania tuna Sheria ya Uchawi tangu 1928, na kumtuhumu mtu hadharani kuwa mchawi kunaweza kukufikisha mahakamani. Na zaidi ya sheria, nchi hii imeshazika akina bibi wengi waliouawa kwa sababu ya maneno yaliyoanza hivyo hivyo, kidogo kidogo.

SANDUKU LA MASWALI

Kuna maswali ambayo hata ukiwa mwenyekiti bora Afrika Mashariki nzima, hakuna atakayeyauliza kwa mdomo. Kwa hayo kuna sanduku. Boksi la sabuni linatosha. Toboa tundu juu, funga kwa gundi.

Lakini sanduku lina siri yake, na klabu nyingi hazijui. Ukiliweka ukutani ukasema "mwenye swali aandike", nani ataonekana akienda? Mwenye swali! Umeshamtangaza. Fanya hivi: gawa karatasi zinazolingana kwa kila mtu, na kila mtu aandike. Asiye na swali aandike jina la tunda, au "leo ni baridi". Kila mtu akunje mara mbili, kila mtu atumbukize. Sasa anayeandika swali zito na anayeandika "parachichi" wanafanana.

Maswali yasomwe na mtu mmoja, na yasisomwe papo hapo. Yapitieni kwanza, wewe na mwalimu mlezi. Swali lililoandikwa kwa matusi mara nyingi ni swali halisi lililovaa nguo mbaya. Lisome kwa maneno safi ulijibu. Nawe usianze kubahatisha mwandiko. Mwenyekiti anayetabasamu na kumwangalia mtu fulani wakati anasoma, klabu yake haitapata swali jingine mwaka mzima.

Na utakapofika kwenye maneno kama uke, uume, hedhi, kondomu, watu watacheka. Waache wacheke kidogo mara ya kwanza, ni aibu tu inatoka. Kisha wote mseme neno hilo kwa sauti mara tatu. Utashangaa, la tatu halichekeshi. Kama mada ni nzito sana, wasichana na wavulana wakae mbali kwanza kwa nusu saa, kisha mkutane.

SIRI ISIYOFICHWA

Mwanzo wa kila kikao mnaahidiana: linalosemwa humu linabaki humu. Ni ahadi nzuri, lakini naomba usiitoe nzima nzima. Iongezee mkia: "isipokuwa mtu akiwa hatarini."

Kwa nini? Kwa sababu siku moja, kwenye sanduku au baada ya kikao, mtu atakwambia kwamba anafanyiwa ukatili. Mjomba, jirani, dereva wa bodaboda, pengine hata mtu anayeheshimika. Ukiwa umeapa kutosema, umefungwa mikono. Na katika jambo hili saa zinahesabika: aliyebakwa akifika kituo cha afya ndani ya saa 72 anaweza kupewa dawa za kuzuia maambukizi ya VVU, na mapema zaidi ni bora zaidi. Baada ya hapo dawa hizo hazisaidii tena. Kwa hiyo usiitishe mjadala, usiulize maelezo marefu, usimuulize alikuwa amevaa nini. Mwambie: "Nimekusikia. Si kosa lako. Twende kwa mtu wa kutusaidia." Mtu huyo ni mwalimu wa ushauri mnayemwamini, ofisi ya ustawi wa jamii, au Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Na namba 116, simu ya huduma kwa mtoto, hupigwa bure. Kama wa kwanza uliyemwambia amekupuuza, nenda kwa wa pili. Jambo hilo halisubiri kikao cha Ijumaa ijayo.

LIKIZO IKIFIKA

Shule zikifungwa, klabu nyingi huhamia kwenye kundi la simu. Sina ugomvi na hilo. Ila ujue kuwa kule hakuna nyuso. Darasani ukisema neno baya unaona jicho la mwenzako likijaa machozi. Kwenye simu unaona alama mbili tu kwamba ujumbe umefika. Na maneno ya darasani huisha hewani, ya kwenye simu hupigwa picha yakafika Mpanda kabla ya chakula cha mchana. Kwa hiyo mambo mazito msiyapeleke huko kabisa. Anayesimamia kundi aufute ujumbe mbaya kwanza, halafu azungumze na aliyeutuma pembeni, kama ulivyofanya na yule kaka wa benchi la nyuma. Akirudia, atolewe kwa wiki moja, na aambiwe siku ya kurudi. Tangu 2015 kuna Sheria ya Makosa ya Mtandao pia, na kumdhalilisha mtu kwenye simu si utani tena.

Lililobaki ni maswali ambayo hamkuyaweza. Yatakuwepo kila wiki, na mwenyekiti anayesema "hilo sijui, nitaliuliza" anaaminiwa kuliko anayebuni. Yaandike upya kwa mwandiko wako, yapeleke kwa muuguzi wa zahanati iliyo karibu siku tatu nne kabla, umwombe aje kikao kijacho. Mkaribishe kwa shikamoo na kiti chenye mgongo. Zile karatasi za sandukuni zenyewe usizitupe kwenye pipa la darasa, maana kuna watu watazichambua wakitafuta miandiko. Zichome jikoni kwa mpishi, ukiwa umesimama pale mpaka ziishe.